Mafunzo Siku Tatu, Deni Miezi Kumi na Miwili

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili iliyopita.)

Ndugu msikilizaji, hivi karibuni nilikaa siku tatu mfululizo katika ukumbi wa ofisi moja ya kata hapa mjini, kinasa sauti mapajani, nikisikiliza mafunzo ya ujasiriamali ambayo halmashauri huwapa watu wa vikundi kabla ya kuwakopesha. Kata yenyewe sitaitaja, maana niliyoyaona pale yanaweza kuonekana katika kata nyingine nyingi. Walikuwapo akina mama, vijana wa bodaboda, na ndugu wawili wenye ulemavu wa miguu ambao wenzao waliwabeba kuwapandisha ngazi, kwa sababu ukumbi uko ghorofani. Hilo nalo lilikuwa somo, ingawa halikuandikwa ubaoni.

Siku ya tatu, karibu na saa nane, wakati watu wameanza kutazama saa zao, mama mmoja muuza maandazi alinyoosha mkono. Afisa aliyekuwa akifundisha ni kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho. Mama akasema, "Mwanangu, mimi biashara yangu ni ya asubuhi. Ramadhani ikiingia, mtaa wetu asubuhi hauli. Marejesho ya mwezi ule nitayatoa wapi?"

Kijana akafikiri kidogo. Akajibu kwa adabu, "Mama yangu, hilo tutaliangalia." Kisha akaendelea na mada iliyofuata, ambayo ilihusu namna ya kuandika muhtasari wa kikao.

Leo nataka tuzungumzie swali la mama yule, kwa sababu mle ndani ndimo lilimo jambo zima la mafunzo haya. Lakini kwanza tuelewane mafunzo yenyewe yanatoka wapi.

Mwaka 2018 Bunge liliongeza kifungu cha 37A katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa. Kifungu hicho kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwakopeshe wananchi bila riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2019 zikatoka kanuni zake. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1990, maagizo ya kuwatengea fungu wanawake na vijana yalikuwapo, lakini halmashauri nyingi zilitekeleza pale zilipokumbuka. Sheria ilibadili hali hiyo. Kutenga fedha kukawa wajibu, na mkurugenzi asiyetenga akawa na la kujibu.

Fedha zikatoka. Kilichofuata wengi mnakifahamu. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilitaja mabilioni ya shilingi ambayo hayakurejeshwa, na zikataja vikundi ambavyo wakaguzi walipokwenda kuvitafuta hawakuvikuta. Aprili 2023 Serikali ikasimamisha mikopo hiyo nchi nzima ili utaratibu utazamwe upya. Mwaka 2024 ikarudishwa, safari hii halmashauri 10 zikipangwa kujaribu kuitoa kupitia benki, zikiwamo Jiji la Dar es Salaam na Jiji la Dodoma, na nyingine zikiendelea kuitoa zenyewe kwa masharti makali zaidi.

Katika mjadala ule wote kila mtu alizungumzia wezi. Vikundi hewa, watumishi wasio waaminifu, madiwani waliopitisha majina ya jamaa zao. Ni kweli, wezi walikuwapo. Lakini mimi nimekutana na wadaiwa wasio wezi. Nimekutana na akina mama waliokopa kwa nia njema, wakafanya kazi alfajiri hadi usiku, wakashindwa kulipa, wakaanza kupita njia ya nyuma ili wasikutane na mweka hazina wa kikundi. Mwingine aliuza cherehani aliyokuwa nayo kabla ya mkopo. Hawa hawakuiba kitu. Walifundishwa siku tatu, wakapewa cheti, na hesabu ya biashara yao hakuna aliyewafanyia.

Tuifanye basi sisi hapa. Namba nitakazotaja ni za mfano, na kila msikilizaji anaweza kuweka za kwake.

Tuchukue mama wa maandazi anayeuza kwa shilingi 30,000 kwa siku. Unga, sukari, mafuta, hamira na iliki vinamgharimu 19,000. Ukimwuliza faida, atakwambia 11,000, na atakwambia kwa fahari. Sasa muulize mkaa. Anasema 3,000. Nauli ya kwenda kununua vitu, 1,200. Binti anayemsaidia kukanda, 2,000. Mchango wa ulinzi na usafi, 500. Jumla 6,700. Zile 11,000 zimebaki 4,300, na hapo bado hatujauliza wajukuu walikula maandazi mangapi kabla ya kwenda shule.

Kikundi chake cha watu watano kinapata mkopo wa shilingi milioni 10. Wanagawana, kila mmoja milioni 2, na deni ni la miezi 12. Kwa mwezi anatakiwa kurejesha karibu 166,700. Kama anafanya kazi siku 26 kwa mwezi, kila siku inayokwenda kwa Mungu lazima aweke pembeni karibu shilingi 6,400. Nasi tumeona kwamba anachobakiza ni 4,300. Kabla hajaanza, anapungukiwa shilingi 2,100 kila siku.

"Lakini mkopo utakuza biashara," ndivyo anavyosema mwalimu. Utaikuzaje? Pembe ile ya barabara ina wauzaji wengine wanne, na wapita njia ni walewale. Akikaanga mara mbili zaidi, nusu yatalala. Mahali pekee ambapo fedha zingemsaidia kweli ni katika ununuzi: badala ya kununua unga kwa kilo na mafuta kwa chupa, angenunua mfuko mzima na dumu zima. Tuseme anaokoa 2,000 kwa siku. Kwa mkopo wa milioni 2, sasa anabakiza 6,300 na deni linataka 6,400. Biashara imekua, na mwenye biashara hana hata pesa ya dagaa.

Kumbe kwa kununua unga na mafuta ya jumla alihitaji labda 400,000. Deni la 400,000 kwa miezi 12 ni karibu 33,300 kwa mwezi, sawa na kama 1,280 kwa siku. Anaokoa 2,000, analipa 1,280, anabaki na 720 juu ya zile 4,300 alizozizoea. Si utajiri, lakini deni linalipika, na mwaka wa pili anakopa akiwa na daftari mkononi.

Ndugu msikilizaji, hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Inahitaji karatasi moja na dakika arobaini. Katika siku tatu nilizokaa ukumbini haikufanywa hata mara moja. Tulifundishwa katiba ya kikundi. Tulifundishwa vyeo: mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Tulifundishwa kufungua akaunti, kujaza fomu, kuandika andiko la mradi. Tulifundishwa sifa kumi za mjasiriamali, ya kwanza ikiwa kuthubutu. Yote hayo yana mahali pake, na bila katiba na akaunti halmashauri haiwezi kutoa fedha za umma. Lakini ni mafunzo ya kumfanya mtu astahili mkopo. Kama mkopo unamfaa, na ni kiasi gani kinamfaa, hilo halikuwamo katika ratiba.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii kila mkufunzi anaijua na kila mkufunzi huitaja. Mkufunzi wetu naye aliitaja. Daftari lenyewe hakulifungua.

Hapa naona nimtetee kidogo kijana yule. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye anayeshughulikia vikundi vya mikopo. Ndiye huyohuyo anayeitwa kukiwa na kesi ya ukatili nyumbani, mtoto aliyetelekezwa, kaya maskini zinazohitaji kutambuliwa, kampeni ya lishe, ugeni wa kiongozi. Wengi wao hawana usafiri, na kata za mjini ni kubwa. Wamesomea maendeleo ya jamii, si biashara. Kumwambia mtu kama huyo awafundishe muuza maandazi, fundi seremala na mfuga kuku katika chumba kimoja, kwa siku tatu, ni kumtwisha zigo la watu watatu.

Wapo waliosomea kazi hiyo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianzishwa kwa sheria mwaka 1973 na lina ofisi mikoani. Linafundisha kusindika vyakula, kutengeneza sabuni, kufungasha bidhaa, na linajua njia ya kufika Shirika la Viwango. Tangu mwaka 2003 tuna sera ya taifa ya viwanda vidogo na biashara ndogo inayozitaja serikali za mitaa kuwa wadau. Halmashauri ina watu, SIDO ina ujuzi. Mara nyingi ofisi hizi mbili ziko mji mmoja, na kinachozikutanisha ni maonyesho ya Nanenane.

Niseme neno kuhusu sabuni ya maji, maana limenikaa moyoni. Kuna wakati kila semina ya akina mama katika mji huu ilikuwa ya sabuni ya maji. Ukienda kata hii, sabuni. Kata ya pili, sabuni. Sababu ni rahisi: mkufunzi anajua kuifundisha, malighafi zinapatikana Kariakoo, na mwisho wa siku kila mtu anaondoka na chupa. Matokeo yake ni kwamba katika mtaa mmoja kuna watengenezaji sita wa sabuni na kila mmoja anamuuzia jirani ambaye naye anatengeneza sabuni. Dukani hawaipokei, kwa sababu haina alama ya ubora. Alama hiyo wajasiriamali wadogo wamekuwa na njia ya kuipata kwa nafuu kubwa wakipitia SIDO, lakini katika semina za sabuni nilizohudhuria jambo hilo halikutajwa. Wamefundishwa kutengeneza, hawakufundishwa kuuza.

Sasa, je, mafunzo haya husaidia kweli? Maana wapo wanaosema biashara haifundishwi darasani, mtu huzaliwa nayo. Swali hili limepimwa, na mara moja lilipimwa hapahapa Dar es Salaam.

Mwaka 2008 wachumi kutoka Norway, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichukua wateja wa taasisi moja ya mikopo midogo. Baadhi yao kwa bahati nasibu wakapewa mafunzo ya biashara, vipindi 21 vya dakika 45 kila kimoja. Wengine wakapewa ruzuku ya shilingi 100,000. Wengine vyote viwili, na wengine hawakupewa kitu. Halafu wakafuatiliwa. Fedha ile peke yake haikuleta badiliko la maana. Mafunzo yaliwainua wanaume, mauzo na faida vikapanda. Kwa wanawake, ambao nao walihudhuria na kusikiliza, biashara hazikusogea kama za wanaume.

Wapo watakaokimbilia kusema wanawake hawaelewi. La hasha. Mwanamke anayetoka darasani na maarifa yaleyale anarudi kwenye nyumba ambayo ada, mgonjwa, mgeni na chakula cha jioni vyote vinangoja mfuko wake wa biashara. Anapewa wazo la kufungua hadi saa mbili usiku, na saa mbili usiku anatakiwa jikoni. Maarifa hayo anayo, ila muda na uamuzi juu ya fedha vinashikwa na mtu mwingine. Nami najiuliza kwa nini katika semina hizi waume hawaalikwi hata siku moja, wakae nyuma, wasikie kwamba mtaji si mshahara.

Mfano wa pili ni wa Togo. Mjini Lomé walichukuliwa wafanyabiashara wadogo 1,500, wakagawanywa mafungu matatu. Fungu moja lilifundishwa mambo ya kawaida ya hesabu, masoko na utunzaji wa fedha. Fungu la pili lilifundishwa tabia ya kujituma: kutongoja, kutafuta njia isiyotumiwa na jirani, kujipangia lengo na kulifuata likikwama. Fungu la tatu halikufundishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Waliofundishwa kujituma faida yao ilipanda kwa asilimia 30 kuliko wasiofundishwa. Wale wa mafunzo ya kawaida walipanda kwa asilimia 11 tu, kiasi ambacho watafiti hawakuweza kusema kwa uhakika kwamba si bahati.

Katika taarifa ile kuna jambo moja ambalo watu wengi hulipita haraka. Baada ya darasa, mkufunzi alimtembelea kila mwanafunzi mahali pake pa biashara, mara moja kwa mwezi, kwa miezi minne. Alikwenda gengeni, akatazama, akauliza, "Ulisema utafanya hivi, umefikia wapi?"

Hapo ndipo halmashauri ingeweza kuwashinda wote. Shirika la nje huja na gari, likamaliza mradi, likaondoka. Chuo kina darasa lakini hakina mtu mtaani. Halmashauri ina afisa katika kata na mtendaji katika mtaa, watu wanaomjua mama wa maandazi kwa jina na wanaopita mbele ya karai lake kila asubuhi. Ziara nne za nusu saa kwa mwaka zingegharimu nauli tu. Lakini katika ratiba ya mafunzo ziara haina fungu, kwa kuwa fungu limekwisha katika ukumbi, chai, shajara na posho ya mgeni rasmi. Nchi hii hatujapata kukosa fedha ya mgeni rasmi.

Kuna jambo jingine ambalo lazima lisemwe ingawa linawaudhi wakubwa. Halmashauri inayomfundisha mfanyabiashara mdogo ndiyo inayomkopesha, na ndiyo yenye mgambo. Oktoba 2021, machinga katika Dar es Salaam walipoondolewa kandokando ya barabara, miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wakitumia mitaji ya mikopo ya halmashauri. Hoja ya kuondoa vibanda kwenye njia za waenda kwa miguu naielewa, maana nami hutembea kwa miguu. Lakini mtu aliyehamishwa kutoka mahali penye wateja kwenda mahali pasipo na wateja, deni lake halikuhamishwa wala kupunguzwa. Jengo la Machinga Complex pale Ilala lilifunguliwa mwaka 2010, na kwa miaka mingi vizimba vingi vya juu vilibaki vitupu, kwa sababu mnunuzi wa soksi hapandi ghorofa kutafuta soksi. Hilo ni somo la kwanza la biashara ndogo, na aliyepaswa kulisoma ni halmashauri.

Basi, ndugu msikilizaji uliye katika kikundi, au mkeo, au binti yako yumo, nikuachie mambo ya kufanya wakati wakubwa wanajipanga. Kabla hamjaandika kiasi katika fomu, kila mmoja alete daftari la mwezi mmoja, lenye mauzo na matumizi ya kila siku, hata mkaa, hata maandazi ya wajukuu. Asiyekuwa na daftari asubiri awamu ijayo. Kila mmoja aombe kiasi chake. Si lazima watano wote wachukue sawa. Kumbukeni mnadhaminiana: mmoja akianguka, wanne mnambeba. Na muulize mapema, kwa maandishi, kama ratiba ya marejesho inaweza kufuata misimu ya biashara yenu, kwa maana ya kulipa zaidi miezi ya neema na kidogo miezi ya ukame. Mkopo hauna riba, kwa hiyo halmashauri haipotezi senti kwa kupanga hivyo.

Nilimtafuta tena mama yule wa maandazi juma lililopita. Nilimkuta kwenye pembe yake, karai limeinamishwa, amekwisha kuuza. Mkopo wameupata, na wamegawana sawa. Nikamwuliza kuhusu Ramadhani. Akaniambia amepata dawa: mwezi ule atakaanga kalmati na sambusa za jioni, na ameanza kujifunza kwa shoga yake wa Magomeni, Jumamosi kwa Jumamosi, bila cheti. Nikamwuliza kama afisa amekwisha kuja kumtembelea. Akacheka. Akasema, "Hupita, baba. Hununua mawili, akaenda zake kazini."

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumzia leseni za biashara.